Mikono Ndani ya Mashine

Ile fremu ilikatika nikiwa nimebakiza upana wa kidole tu. Tak! Sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja mbegu ya tikiti kwa meno, lakini mimi niliisikia mpaka magotini.

Usiachie, nilijiambia. Hata ukiwashwa pua, usiachie.

Mezani mbele yangu palikuwa na seva ya ghala la samaki wa barafu la mjini Keelung, imevuliwa kifuniko na feni zake za mbele. Prosesa yake ilikuwa imeungua, na kazi yangu ilikuwa kuweka nyingine mpya. Mashine za siku hizi hazitaki uzidondoshee prosesa kwa vidole. Unaibana kwanza kwenye fremu nyembamba ya plastiki, fremu unaibana chini ya kipoza joto, lile pande la shaba lenye mapezi ya bati, kisha unalishusha lote kwa pamoja juu ya soketi, wima, bila kuyumba. Ndani ya soketi zimesimama pini maelfu, nyembamba kuliko unywele wa kitoto kichanga. Ukizipinda mbili tatu, bodi nzima imekwisha. Hazinyooshwi, na anayekwambia zinanyooshwa hajawahi kulipokea gari la mteja aliyerudi na hasira.

Sasa kishikizo kimoja cha fremu kilikuwa kimekatika. Nilipoinamisha kichwa na kuchungulia kwenye uwazi wa mbele, niliiona prosesa imening'inia upande, kona moja imelegea, inashikiliwa na vishikizo vilivyobaki na ule ute wa kupitisha joto ninaoupaka mwenyewe kila siku. Nikishusha, kona ile itazifyeka pini. Nikinyanyua, ule mtikiso utaing'oa na itaanguka. Kulia na kushoto kadi za memori zimesimama kama ukuta, hapapiti hata kidole. Na mkono wangu wa kushoto ulikuwa na bangili ya kuondoa umeme mwilini, yenye waya uliofungwa kwenye chuma cha mashine. Nimefungwa kama mbuzi wa sadaka, ila mbuzi angalau hupewa majani.

"Baba!" niliita, polepole, kwa sababu hata sauti niliiogopa. "Baba, njoo. Usikimbie."

Karakana yetu iko Sanchong, kaskazini mwa Taiwan, chini ya nyumba yetu wenyewe, nyuma ya mlango wa bati wa kukunja. Chini mashine, juu vitanda. Ukishuka ngazi umefika kazini, ukipanda umerudi nyumbani, na katikati hakuna hata barabara ya kuvuka upate kuwaza lako. Nilirudi hapo kutoka kiwandani Tainan, mji wa kusini, kwa miezi michache, nilidhani. Mama alikuwa amefariki, na baada ya mazishi mikono ya Baba ikaanza kutetemeka, yeye Chiu Tien-Fu, ambaye mtaa mzima walimletea mashine zilizowashinda wengine. Fundi asiyeweza kushika bisibisi ni nani? Nikaaga kiwandani, nikaja, nikaishika mimi. Ule ulikuwa mwaka wa nne.

Baba alitokea jikoni na sinia la chai, vikombe vinagongana, nusu ya chai iko kwenye sinia. Aliliweka chini akaja.

"Nini?"

"Fremu imekatika. Prosesa inaning'inia."

Aliinama, akachungulia na tochi. Mwanga ulicheza huku na huku kama kuna nzi ndani ya mashine.

"Fremu gani umetumia?"

"Uliyonipa wewe! Nilikwambia hiyo ya zamani imekauka, ukasema bado nzima."

"Ilikuwa nzima."

"Sasa si nzima."

Baba hatupi kitu. Ana droo za fremu kuukuu, nati kuukuu, feni zilizokwisha kulia vilio vyake vyote. Mama alikuwa akisema, siku Baba akifa tutamzika na droo ili asitutokee usiku kuziulizia.

"Kaa hivyohivyo," Baba akasema. "Usitingishike. Tufikiri."

Kufikiri kwa Baba kulikuwa kuketi kwenye kiti chake cha plastiki na kuitazama mikono yake juu ya magoti, inatetemeka. Nami nikasimama hapo nimeinama, mgongo unaanza kuuma, nikifikiri langu.

Langu lilikuwa hili. Treni yangu ya kwenda Tainan ilikuwa ya jioni ileile. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda. Kiwanda changu cha zamani kilinitaka nikawafundishe vijana wapya chumba cha kuunganisha seva, na nilishawajibu nakuja. Baba sikuwa nimemwambia. Nilipanga kumwambia mezani, baada ya supu, kisha niondoke kabla hajamaliza kutafuna. Aliye jasiri kuliko mimi na anisute. Mara ngapi nilianza, "Baba, kuna jambo," na kikombe kikamponyoka, nikaenda kuchukua tambara, na jambo likafutwa pamoja na chai?

Lakini bodi ile ikifa, sitoki. Nilijijua. Zilikuwa siku za mauzo makubwa kuliko yote kwa ghala lile, mwaka mpya unabisha hodi, na gari lao lingekuja kuichukua mashine jioni. Baba angebaki na aibu asiyoweza kuitengeneza kwa mikono ile. Nisingeweza kumwachia. Ungekuja mwaka wa tano, na wa sita, na begi lingeota ukungu chini ya kitanda.

Mlango wa bati ulikuwa umefunguliwa nusu kwa ajili ya manyunyu. Chini yake akaingia Shangazi Wan-Chu, jirani yetu anayeuza tambi, amebeba kuku mzima wa kuchemsha kwenye sahani, kichwa na shingo juu, anang'aa mafuta. Ilikuwa siku ya karamu ya kufungia mwaka, siku ambayo kila mwenye kazi humtolea sadaka mungu wa ardhi, kisha huwalisha watu wake. Tangu Mama afe, kuku wetu hupikwa na Shangazi.

"Haya, bosi na jeshi lake la mtu mmoja!" alisema. "Mwaka huu kichwa nikielekeze wapi?"

"Kwangu, kama kawaida," Baba alijibu bila kumtazama. "Nani mwingine wa kufukuzwa hapa?"

Ndiyo desturi yetu. Mezani siku hiyo, mfanyakazi anayeelekezewa kichwa cha kuku ndiye anayeachishwa kazi, na hakuna haja ya maneno. Anakula, anashukuru, kesho haji. Enzi karakana yetu ilipokuwa na mafundi wengi, watu walikuwa wanameza mate makavu mpaka Baba aigeuze sahani kichwa kimtazame yeye mwenyewe, ndipo kicheko kinalipuka na vijiti vinaanza kazi. Hakuwahi kumwelekezea mtu. Waliondoka wenyewe, mmoja mmoja, kwenda viwanda vikubwa.

Shangazi aliweka kuku mbele ya madhabahu, chini ya picha ya Mama, akageuka kunitazama.

"We A-Lan, mbona umeinama kama unachungulia kisima?"

"Usinisemeshe, Shangazi."

"Hata salamu nisikupe?"

"Nikitikisika, mashine inakufa."

Baba akamweleza. Shangazi alizunguka meza kwa ncha za vidole, akasimama penye pakiti ya kijani ya bisi za nazi iliyokaa juu ya rafu, ile ambayo kila fundi Taiwan huiweka karibu na mashine ili ziwe na adabu.

"Nilijua tu! Hii pakiti ina vumbi. Mmeibadilisha lini? Mashine imechoka kunusa bisi za mwaka juzi."

"Shangazi, fremu imekatika. Bisi hazihusiki."

"Wenye elimu ndivyo mnavyosema."

Hapo ndipo simu yangu ikaita.

Nilikuwa nimeiacha mezani, kwenye kona, bila mlio, inatetemeka tu. Meza ni ya mbao nyembamba. Mtetemo ulipita kwenye meza, ukapanda kwenye chuma cha mashine, ukafika kwenye viganja vyangu. Nikaiona ile kona ya prosesa inacheza.

"Itoeni! Itoeni mezani!"

Shangazi aliinyakua. Miwani yake huiacha kila mara kwenye kibanda chake cha tambi, na bila miwani huwa anabonyeza kila kinachong'aa. Akabonyeza. Sauti ikajaa karakana nzima.

"Chiu Pei-Lan? Ni mimi Hsieh wa Tainan."

"Kata!" nikasema.

"Nakata wapi? Halo! A-Lan yupo ila mikono yake iko ndani ya mashine!"

"Ah, mpe salamu tu, mama," Bi Hsieh, msimamizi wa kiwanda, akasema kwa furaha zake. "Mwambie chumba chake hosteli kiko tayari, atapokewa stesheni usiku huu. Na mwambie sote tumefurahi amekubali kurudi moja kwa moja."

"Moja kwa moja," Shangazi akarudia, taratibu.

"Ndiyo, mama. Safari njema kwake!"

Simu ikanyamaza yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika mimi nikiwa sina hata mkono wa kujifunika uso.

Baba alikuwa amesimama. Sikuweza kumgeukia. Niliona viatu vyake tu.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Leo. Mezani."

"Mbele ya kuku?"

"Baada ya supu."

"Baada ya supu," alisema. "Una huruma sana."

Siku nyingine yoyote ningepanda juu, au ningetoka nje na kusema naenda kununua nati. Ndivyo tulivyoishi miaka yote ile, mimi na yeye, kila mmoja na mlango wake wa kutokea. Sasa sikuwa na mlango. Jasho lilinitoka kwapani likashuka mbavuni, na sikuweza kulifuta.

"Baba, nilikuja kwa miezi michache."

"Nimekufunga? Niliwahi kukufunga?"

"Hukunifunga."

"Basi nenda. Nitashusha bati. Nitaketi hapa na Mama yako, yeye kwenye fremu ya picha, mimi kwenye kiti, mpaka mmoja wetu achoke." Alinyoosha mikono yake, akaileta mbele ya macho yangu, inatetemeka vibaya kuliko asubuhi. "Nenda. Hii itafunga skrubu."

"Tien-Fu," Shangazi akasema, "mwache mtoto. Hapo alipo hawezi hata kukimbia."

"Hawezi kukimbia! Ndiyo, leo tu."

Nililia. Nasema wazi, nililia, machozi yakaning'inia kwenye pua, na hofu yangu kubwa ilikuwa yasidondokee kwenye bodi. Nikainua uso kama kuku anayekunywa maji, yakaniingia mdomoni. Nilimwonea huruma na nilimchukia, yote mawili kwa pamoja, na mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi.

"Baba, tutagombana baadaye," nikasema. "Nachoka. Kuna kile kifuniko cha plastiki, cha kibokisi ilichokuja nacho prosesa. Kiko hapo, chembamba, kigumu. Mtu akikiingiza kwa mbele, katikati ya prosesa na soketi, bila kugusa pini, prosesa itaanguka juu yake. Basi. Hiyo tu."

Baba aliificha mikono nyuma.

"Shangazi?"

"Mimi? Mwanangu, mimi natupa tambi kwenye maji ya moto. Kazi ya kope za mbu siiwezi."

"Jaribu."

Alijaribu, masikini. Alinawa mikono, akaifuta kwenye aproni, akakishika kifuniko kwa vidole vinene vyenye harufu ya tangawizi. Alipokifikisha kwenye uwazi alifumba macho.

"Fumbua macho, Shangazi!"

"Nikifumbua naogopa!"

Kifuniko kiligonga chuma cha pembeni. Alikirudisha haraka, akakiweka mezani, akamtazama Baba. Alimtazama muda mrefu. Sikuelewa ule utazamaji.

"Tien-Fu," alisema. "We si ndiye..."

"Mimi siwezi," Baba akamkata.

"Jumapili kwenye bwawa la kamba..."

"Nimesema siwezi! Huoni mikono hii?"

Kila Jumapili Baba huenda kwenye bwawa la kuvulia kamba, lile la ndani ya jengo, na mume wa Shangazi. Hurudi na mfuko umejaa, tunawachoma kwa chumvi. Nilidhani siku zote kwamba mwenzake ndiye anamtilia chambo. Ndoano za kamba ni ndogo kama kucha ya paka. Nilidhani hivyo, na sikuwa na nafasi ya kudhani vingine, kwa sababu kipoza joto kilikuwa kinazidi uzito na bega la kulia lilianza kucheza lenyewe.

"Mikono yangu inatetemeka," nikasema.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe na nusura nicheke. Ndiyo, sasa ilikuwa zamu yangu.

"Baba, inatetemeka. Siizuii. Baba!"

Tik. Kishikizo cha pili.

Sikumwona akija. Nilichoona ni mkono umepita chini ya uso wangu, umechukua kifuniko mezani, umeingia kwenye uwazi wa mbele kama barua inavyoingia chini ya mlango. Haukugonga kulia, haukugonga kushoto. Kifuniko kiliteleza juu ya pini, juu yake kabisa, pamebaki nafasi ya unywele, na kikasimama. Prosesa ikabanduka kwenye ute, ikaangukia kwenye plastiki na kulala hapo kama mtoto aliyeshiba.

"Nimeishika," Baba akasema. "Nyanyua. Taratibu. Wima."

Nilinyanyua kipoza joto, nikakiweka mezani, nikakaa sakafuni. Bangili ilinivuta mkono, nikaivua. Kutoka pale chini nilimwona Baba akitoa kifuniko kwa kukivuta nje, prosesa iko juu yake, kimenyooka kama sinia la mhudumu wa harusini. Akakiweka salama. Kisha akasahau. Akachukua tochi kwa mkono mmoja na kioo kidogo kwa mwingine, akaanza kuzikagua pini, mstari kwa mstari, na ule mwanga ulitulia kwenye soketi kana kwamba umepigiliwa msumari.

"Zote nzima," alisema kwa furaha. "Hata moja haijaguswa."

Akageuka. Akaniona ninavyoitazama mikono yake, naye akaitazama. Kioo kimetulia. Tochi imetulia.

Aliviweka chini upesi. Alichelewa.

"Nyoosha mikono," nikasema.

"A-Lan..."

"Nyoosha."

Akainyoosha. Ilisimama hewani, mikubwa, yenye makovu ya moto wa kulehemu, haitikisiki hata ukucha. Shangazi Wan-Chu aligeukia madhabahu, akajifanya anamweka sawa kuku.

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. "Tangu lini?"

"Ilitetemeka kweli. Mama yako alipokufa ilitetemeka kweli, mwulize Shangazi yako, sikuweza hata kufunga kifungo."

"Tangu lini ilipona?"

"Ule mwaka wa kwanza. Kabla haujaisha."

"Nimekumiminia chai miaka yote hii! Nimekukata kucha, Baba! Nimekukata kucha za mikono na za miguu!"

"Najua."

"Nimefunga kamba za viatu vyako mbele ya watu!"

"Najua." Aliketi. "Siku ile ilipotulia ulikuwa hapo mezani, unafunga feni, unaimba. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikakuta umeninunulia kikombe kipana, kisichomwagika. Nitakwambiaje?"

"Kwa mdomo!"

"Kama ulivyoniambia wewe habari ya treni?"

Hilo lilinikata, na lilinikasirisha zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Shangazi akamwambia kuku. "Nimeishi nikaona mtu anaficha uzima."

"Na wewe ulijua!" nikamgeukia.

"Nilijua ya Jumapili tu. Siku nyingine nilidhani inarudi kutetemeka."

Nilitaka kuondoka palepale, na nguo za kazi. Nilifika mpaka kwenye bati, mvua ikanirushia usoni. Nikaitazama mashine ya watu imekaa wazi, soketi haina kifuniko, vumbi la mtaa mzima linaingia. Nikarudi. Lakini sikuishika bisibisi. Nilimnyooshea yeye.

"Funga wewe."

"A-Lan, hii ni kazi yako."

"Ilikuwa. Funga. Nataka kuona."

Aliipokea. Akavaa bangili kwanza, hakusahau. Akafungua droo, akatoa fremu mpya kabisa, bado iko kwenye mfuko wake. Alikuwa nayo siku zote. Nikauma meno. Aliisafisha prosesa na kipoza joto kwa spiriti mpaka vikang'aa, akapaka ute mpya, kidogo katikati na kidogo pembeni, mkono hauna haraka. Akaibana prosesa kwenye fremu, alama yake ya pembetatu ya dhahabu ikitazamana na ile ya fremu, akavuta kila kishikizo kwa ukucha kuhakikisha. Kisha akaibana fremu chini ya kipoza joto, akalishusha lote. Nimewaona mafundi wengi, na ninafundisha watu, na nasema kweli kwamba sijaona pande la shaba likishuka vile. Liliketi. Halikugonga, liliketi.

Akafunga nati kwa kukingamisha, kona hii kisha ile ya mkabala wake, kila moja kidogo kwanza, asiegemeze uzito upande mmoja, akarudia duru mpaka bisibisi ya kipimo ikalia tik. Jasho halikumtoka. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililoniuma kupita yote, furaha ile aliyojinyima miaka yote apate mtu wa kukaa naye chini ya bati.

Tulirudisha feni, tukawasha. Mashine ilipiga kelele, ikashusha pumzi, ikatulia. Joto la prosesa lilikuwa zuri. Watu wa Keelung walikuja na gari lao wakaichukua, wakashukuru, wakamsifu Baba kwa kuwa na binti fundi. Hakuna aliyewasahihisha.

Nilipanda juu, nikaoga, nikashuka na begi. Nililiweka karibu na ngazi, mahali linapoonekana. Shangazi alikuwa amepanga meza: supu, mboga, wali, na kuku katikati. Kichwa alikuwa amekielekeza ukutani, asimkere mtu. Tulikaa. Picha ya Mama ilitutazama kutoka juu ya moshi wa ubani. Hakuna aliyeinua vijiti.

Nilikuwa bado nimeshikwa. Mlango ulikuwa wazi, begi liko tayari, mashine imekwenda salama, na miguu yangu haikutaka kusimama. Ningemwacha na nani? Mikono yake mizima, lakini meza ile ya watu wanne, nilikuwa naihesabia viti vitupu. Kama angeniambia baki, na niliona neno liko kwenye koo lake linapanda na kushuka, ningebaki. Ningemchukia mpaka kufa kwake, lakini ningebaki.

Baba alinyoosha mkono katikati ya meza. Akashika ukingo wa sahani. Akaigeuza, polepole, kichwa kikatoka ukutani, kikampita Shangazi, kikampita yeye mwenyewe alipozoea kukisimamisha, kikaja mpaka kikanitazama mimi. Hapo akaiachia.

"We Tien-Fu!" Shangazi aliruka. "Mwanao wa kumzaa! Siku kama ya leo!"

"Mimi ndiye bosi hapa," Baba akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Nimemfukuza kazi. Kesho asije."

Kisha akavuta birika. Alichukua kile kikombe kipana nilichomnunulia, akakisukuma kwangu, akamimina mpaka ukingoni, chai ikavimba juu ya kikombe na isimwagike hata tone.

"Kunywa upesi, ule," alisema. "Treni haina babu, haimngoji mtu."

Sikumbuki mara ya mwisho niliyomiminiwa chai katika nyumba ile. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili nikakinyanyua, na kabla hakijafika mdomoni nusu yake ilikuwa imemwagika mezani.